Kitheka wa Parklands na Vita vya Chembe ya Mchanga

Sogeeni, enyi wenye magari na enyi waomba lifti! Nyamazisheni simu zenu, kwani nasimulia jambo zito ambalo magazeti, kwa wivu wao, hayakuliandika hata mstari mmoja: namna Kitheka wa Parklands, karani wa bima, simba wa dawati, mtawala wa nafasi namba saba katika maegesho ya ghorofa yao, alivyozirudisha shafti mbili za mbele, vile vyuma virefu vizungushavyo magurudumu, katika gari lake la foo-bai-foo pasipo kuingiza mchanga.

Msicheke. Mwaka jana shujaa huyu huyu alizirudisha baada ya kuzilaza juu ya mfuko mtupu wa simiti, akajisifu kwa majirani wote. Mchanga ulionata kwenye grisi ukaingia pamoja nazo, ukatafuna kimyakimya, na kwenye njia ya vumbi nje ya Mutomo gurudumu likasaga, likalia, likagoma. Mama yake, Kanyiva, aishiye naye ghorofani, alikuwa ndani ya gari akienda kumzika dada yake. Alivua viatu vya kanisani, akatembea kilomita sita juani, akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Hakumgombeza mwanawe. Ila tangu hapo, kila safari ya kwao amekwenda kwa basi.

Sasa Jumapili ukoo ungekutana kuweka msalaba kaburini, na gari lilikuwa limeanza kuvuja oili. Kitheka akazitoa shafti, akatia sili mpya, na Jumamosi saa tatu asubuhi akateremka uwanjani, kifua mbele, spana kiunoni, akaiinua shafti ya kwanza na, kwa hekima yake isiyo na kifani, akaipuliza vumbi kwa mdomo.

"Wee Kitheka!" Sauti ilitoka dirisha la chini. Alikuwa Bi Ummulkheir, mzaliwa wa Lamu, muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini, ambaye majirani humwita Mama Abeer kwa jina la bintiye, na ambaye alistaafu kazi bila kustaafu amri. "Wapuliza kwa mdomo? Mate yako ndiyo dawa?"

"Ni vumbi kidogo tu, Mama Abeer. Hii ni chuma, si mgonjwa."

"Mimi nimesimama na madaktari wakifungua matumbo ya watu, na hatukumshona mtu na mchanga ndani. Weka chini! Usiguse kitu!"

Akatoka na meza, shuka nyeupe na glavu. Shafti zikaoshwa kwa petroli, zikapanguswa, zikalazwa kwenye shuka kama watoto wa mfalme. Kitheka akaamriwa anawe hadi viwikoni, kisha asimame mikono juu, naye akasimama hivyo, kama jeshi zima lililojisalimisha.

Ndipo vita vikaanza. Kwenye mdomo wa ekseli, ganda la chuma libebalo shafti, kuna sili, pete ya mpira izuiayo oili isitoke. Shafti hupita katikati yake bila kuikwaruza, hadi meno ya ncha yake yaumane na meno ya gia huko ndani gizani. Kitheka alikuwa ameifikisha nusu, jasho likimtiririka, pale Makau, mlinzi wa lango, amiri jeshi wa vumbi, alipotokea na ufagio.

Wingu likapanda. Bi Ummulkheir akaivua leso mabegani, akaufunika mdomo wa ekseli.

"Makau! Weka ufagio chini!"

"Lakini madam, leo ni siku ya kufagia."

"Leo ni siku ya upasuaji!"

Makau akarudi nyuma hatua kwa hatua, kwa heshima za kijeshi. Vumbi likatua, leso ikaondolewa, na shafti ya kwanza ikaingia.

Ya pili ilikuwa imebaki kiganja kimoja. Bi Ummulkheir alikuwa ameingia ndani kuchukua maji, Makau yuko langoni, na hapo Kitheka akaiona: chembe moja ya mchanga, imekaa kwenye oili kama sultani. Angesukuma tu. Nani angejua? Akatazama juu, akamwona mama yake amesimama ngazini. Kitheka akaivuta shafti yote nje.

"Mama Abeer," akaita, "naomba tuoshe tena."

Bi Ummulkheir akaja, akaitafuta chembe kwa miwani, akaipata. Akaivua miwani. "Haya. Sasa nakuamini na kisu."

Wakaosha upya. Kitheka akaisukuma taratibu, akiizungusha kidogo kidogo, nyundo ikimwita naye akiikataa, hadi ndani kukasikika tik. Mchana, magurudumu yakiwa yamefungwa, akaliendesha gari hadi langoni na kurudi, akikata kona, usukani umezungushwa hadi mwisho. Kimya.

Kanyiva akateremka ngazi. "Imelia?"

"Haijalia, mwaitu."

Kanyiva akalizunguka gari mara moja, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akasogeza kiti nyuma. "Kesho tutoke saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Tupitie Machakos, tuchukue maua."

Basi andikeni, enyi wanahistoria mlioshughulika na wafalme: siku ile hakuna dola iliyoanguka, na foleni ya Limuru Road haikupungua hata gari moja. Lakini Kanyiva alifunga mkanda wa kiti, ilhali gari lilikuwa limezimwa.