Kwa Kijiji cha Enzi za Warumi Kinachomshikilia Binti Yangu

Champlin, Minnesota
Oktoba

Kwa Wazee, Akina Mama na Vijana wa Kijiji Kisichojulikana Jina,
Chini ya Barabara Mpya Inayojengwa,
Uingereza.

Wakwe zangu watarajiwa,

Pokeeni salamu nyingi kutoka ng'ambo ya bahari. Mimi ni Cyrus Wanjala, mzaliwa wa Bungoma nchini Kenya, mkazi wa Champlin, muuguzi kwa kazi na baba wa Natasha kwa bahati. Najua mlikufa yapata miaka elfu moja na mia saba iliyopita, na kwa hilo poleni sana. Lakini kufa hakumwondolei mtu wajibu wa adabu, ndiyo maana nimeona niwaandikie.

Kwa faida ya wale miongoni mwenu ambao hawafuatilii habari: mwaka huu watu wa barabara walileta tingatinga ili wapitishe njia ya malori katika shamba la mkulima fulani huko kwenu. Tingatinga likakwangua udongo, mkaonekana nyinyi: mitaro ya maboma yenu, misingi ya nyumba za msonge, tanuri la kukaushia nafaka na mashimo ya taka. Kazi ikasimamishwa, wanaakiolojia wakaitwa. Binti yangu alikuwa Uingereza kwa kozi fupi ya kiangazi, kabla ya kuanza chuo cha uuguzi hapa kwetu. Akaja kuwaangalia mara moja tu. Hajarudi hadi leo.

Sasa, kwetu kuna utaratibu. Msichana akilala katika boma la watu, boma hilo hutuma wazee wawili kwa baba yake kumwambia: usimtafute mtoni wala hospitalini, yuko kwetu, ni mzima. Nimewangoja. Kila gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, nachungulia dirishani. Wamekuja watu wa dini, akaja kijana anayeuza madirisha, lakini mzee wa Kirumi hata mmoja sijamwona. Nilimweleza yote rafiki yangu Muriuki wa mji jirani wa Anoka, mzee wa kanisa letu na mtu anayeheshimika sana katika mambo ya posa. Alitikisa kichwa akasema, "Bro, hiyo ni case ya kutoroshwa. Waandikie watu wa hiyo boma, na u-cc kanisa."

Barua hii nitaituma kwa simu ya Natasha, awasomee kwa sauti akiwa amesimama ukingoni mwa mtaro. Mke wangu Lynette anauliza, "Cyrus, si u-text tu mtoto wako? Lazima upitie kwa wafu?" Nimemjibu kwamba mambo ya posa yana taratibu zake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnamwoshesha vyombo. Hapa nyumbani Natasha alikuwa akiweka kikombe juu ya mashine ya kuoshea vyombo, si ndani yake, kana kwamba kitajiingiza chenyewe. Huko kwenu anashinda amepiga magoti mbele ya karai la maji, anasugua vigae vyenu kwa mswaki, kimoja kimoja, mbele na nyuma, kisha anavianika. Na vyombo vyenyewe vimevunjika! Mama yake alipomwona kwenye video alikaa kitako kwenye ngazi. Maisha yake yote amelilia kikombe kimoja kisafi, na nyinyi mmeoshewa vyombo vya kijiji kizima bila hata kufungua mdomo.

2. Anajua habari zenu kuliko zetu. Anajua ng'ombe wenu walikula nini. Anajua mlipenda chaza, ingawa bahari iko mbali nanyi, na kwamba soli za viatu vyenu zilijaa misumari. Juzi amenieleza kwa muda mrefu sana habari za kigae cha paa ambacho mbwa wenu alikikanyaga kikiwa kingali kibichi, nyayo zikabaki mpaka leo. "Dad, imagine, alikuwa anapita tu!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifungua salama. Nikamwuliza jina la mbwa wa babu yake kule Bungoma, yule aliyemfukuza mpaka akapanda juu ya tangi la maji alipokuwa mdogo. Halikumbuki. Kwa hiyo mbwa wenu naye namshtaki.

3. Mnamwamsha alfajiri. Mimi nilikuwa namwamsha kwa maombi, kisha kwa vitisho, kisha kwa harufu ya mandazi, na bado tulikuwa tunachelewa ibada ya pili. Kwenu anaamka mwenyewe giza likiwa bado, mvua inanyesha, anavaa koti linalong'aa na kofia ngumu, anakimbilia mtaroni akiimba. Mmemlisha nini? Kama ni dawa, tafadhali nitajieni jina lake, maana ninao wadogo zake wawili.

4. Lalamiko hili limeondolewa na Lynette, ambaye amesoma rasimu na kusema halisomeki mbele ya watu, hata wakiwa wamekufa.

5. Nyinyi ni watu wazuri mno. Hili limenivuruga kabisa. Kama mngekuwa Waingereza wa kawaida ningejua pa kuanzia, kwa sababu kati yao na sisi kuna maneno ya zamani. Lakini Natasha ananiambia kwamba Kiingereza kilikuwa hakijafika kwenu! Mlikuwa na lugha yenu na mashamba yenu na mambo yenu, halafu wakaja watu kutoka mbali wamevaa vyuma, wakapima ardhi, wakatoza kodi, wakajenga barabara zilizonyooka za kubebea mazao yenu, wakawaambia hayo ni maendeleo. Wakwe zangu! Niliposikia hayo nilikuwa natoka kazini katika mji wa Savage. Nilisimamisha gari pembeni nikacheka mpaka vioo vikapata ukungu. Kumbe ni sisi! Nilitamani kuwapigia simu. Nilitamani kuwauliza kama nanyi mlikuwa na chifu aliyevalishwa kofia na mgeni, na kama aliringa nayo. Mnaona shida yangu. Mtu anakaa chini kuandika malalamiko, na washtakiwa wanageuka kuwa ndugu.

6. Mmenichukulia mtu. Hapa sina mzaha. Uuguzi ndio uliotuleta Minnesota, ndio uliotupa nyumba hii, na mimi nimewageuza wazee wa watu vitandani miaka mingi ili Natasha apate kazi ambayo haitamtupa. Chuo kilimwekea nafasi yake, kikamwekea tena, na sasa wameniambia hawatamwekea mara ya tatu. Wala si nafasi peke yake. Nyumba imepoa. Nikipita chumbani kwake nawasha taa, naangalia, nazima, naenda zangu. Nimemkosa binti yangu, nami siwezi kumwambia hivyo kwa simu, kwa sababu akipokea tu ananionyesha shimo.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Ng'ombe sidai, maana wenu nimewaona kwenye picha na ni mifupa. Faini ya kutorosha nimeisamehe kwa kuzingatia umri wenu. Ninachotaka ni mtume wazee wawili, au fuvu moja lenye mamlaka, waje Champlin tukae, tule, tuzungumze. Muriuki atasema kwa niaba yetu, na ninawaonya mapema kwamba akianza hamalizi. Ikishindikana, na naelewa kwamba viza ni shida hata kwa walio hai, basi mwachieni binti yangu arudi kabla theluji haijaanguka, aanze uuguzi, nasi tutayasahau haya yote kama watu wazima.

Nisalimieni mwenye tanuri, akina mama waliosaga nafaka kwenye yale mawe, watoto wote, na yule mbwa, ingawa kesi yake inaendelea. Lynette anawasalimu. Wadogo zake Natasha wanawasalimu. Thaddée na Euphrasie, wenzetu wa kanisani kutoka Kongo, wanawasalimu na wanauliza kama mliwahi kulima mihogo. Kanisa zima limewaweka kwenye maombi, japo mchungaji hana hakika ni katika kipengele gani.

Ni mimi ninayechungulia dirishani nikiwatazamia,

Cyrus Wanjala
Baba wa Natasha

N.B. Natasha, ukifika hapa acha kusoma. Haya ni ya wakwe peke yao.

Amepiga simu sasa hivi, kabla sijaituma barua. Watu wa barabara wamechoka kungoja. Jumatatu mnafukiwa: kokoto zinamwagwa juu yenu, kisha lami. Wenzake wanahamia kwenye kijiji kingine kilichoibuka kaskazini, wamemwomba aende nao, naye amewaambia hapana, anarudi kwa baba yake, baba yake ameumia vya kutosha. Alikuwa analia. Hapo ndipo nilipopaswa kurukaruka. Badala yake nilishikwa na hasira mpaka nikasimama. Kokoto! Juu ya jiko la mtu! Watu ambao hata hatujakaa nao mezani! Nimekwisha kuanza barua nyingine, ya watu wa barabara, na hiyo haina salamu.

Halafu akajikaza, akapenga kamasi, akaniuliza kama nafasi yake chuoni bado ipo. Nikamwambia haipo, imekwenda kwa mtoto wa mtu mwingine, kwa hiyo bora aende tu huko kaskazini akachimbe.

Ipo, wakwe zangu. Inamngoja mpaka Ijumaa. Msimwambie.