Kofia Yangu na Kiegemeo cha Kichwa

Shee Mbwana Kombo,
Ndia Kuu, Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Mwalimu Odera,
Mkuu wa Skuli ya Udereva,
Buxton.

Mwalimu mheshimiwa,

KUH: BINTI YANGU ULIYEMHARIBU

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitaraji barua hii itakukuta mzima na umeketi vizuri, maana nasikia kwako wewe kuketi ni ilimu. Mimi ni babake Mwanaesha, yule binti mrefu wa miwani uliyemfundisha udereva mpaka akapata leseni. Kwa leseni nakushukuru. Hayo mengine uliyomtilia kichwani ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, nami kalamu siishiki ovyo. Skuli niliiacha mapema, hatukuelewana mimi na hesabu za kugawanya.

Shauri lenyewe ni hili. Ijumaa hii namuoza binti yangu mdogo, Mwanabaraka. Nikaha itasomwa msikitini huko Tudor, nami ndiye walii, ndiye nitakayeshika mkono wa bwana harusi mbele ya watu. Natakiwa nitoke Ndia Kuu ndani ya gari la Mwanaesha, kiti cha mbele, na joho langu, nipite barza zote nikionekana. Sasa Mwanaesha ameapa kwamba nisipoketi kama Mwalimu Odera alivyosema, gari haliwashi. Akanambia, "Baba, kama hutaki, panda tuktuk. Huko hakuna kiegemeo wala atakayekuuliza." Mwalimu, walii ndani ya tuktuk, joho limetoka nje lapepea kama pazia la choo. Ndiyo uliyomfundisha hayo?

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa nambari ili usiseme mzee huyu anapayapaya.

1. Kofia. Yangu ni ya viua, imeshonwa kwa mkono na mke wangu Mejumaa, imetiwa wanga ikasimama kama ukuta. Kofia ya namna hii haitaki kuguswa nyuma. Mwanaesha amekipandisha kile kiegemeo cha kichwa mpaka juu yake pakawa sawa na utosi wangu, kisha akakisogeza karibu, ati kati ya kisogo changu na kiegemeo pasipite zaidi ya vidole viwili vitatu. Matokeo yake, kila gari likiruka tuta, kiegemeo chasukuma kofia na kofia yashuka machoni. Nimepita Ndia Kuu yote siioni. Nimesikia salamu nikaitikia upande usio na watu. Nguzo ya stima iliyo karibu na duka la vinyago nimeitakia heri na watoto wake.

2. Hapa pana suala la ilimu, na ningependa ulijibu wewe mwenyewe. Kichwa cha mtu chapimwa na kofia au bila kofia? Nilimuuliza Mwanaesha, akasema, "Baba, kofia haina shingo ya kuvunjika." Jibu gani hilo la kumpa mzazi? Mimi sitoki nje bila kofia, basi kofia ni katika kichwa. Ikiwa kofia ni katika kichwa, kiegemeo kiko chini mno. Ikiwa kiko chini mno, wewe mwenyewe wafundisha kwamba kiegemeo kilicho chini hakimfai mtu kitu, tena chamzidishia madhara. Na kitu cha madhara hakikai garini. Kwa hivyo, kwa kufuata masomo yako neno kwa neno, niliking'oa.

3. Nilipoking'oa ndipo nikagundua kwamba kile kitu, yakhe, si cha gari hata kidogo. Kina miguu miwili ya chuma, na juu kimejaa vizuri kama kichwa cha mtu mwenye akili zake. Nilikichomeka ndani ya chungu cha mchanga, nikakivisha kofia mbichi iliyotoka kufuliwa na kutiwa wanga. Ikakauka imekaa sawasawa, haina kunyanzi hata moja. Faruma yangu ya mti, ninayoanikia kofia tangu sijaoa, haikuwahi kunipa kazi kama ile. Mejumaa, ambaye kunisifu kwake ni kazi nzito, alisimama akaizunguka, akasema, "Leo umefanya jambo." Ndugu yangu mdogo Taib akaleta kofia yake, jirani naye akaleta. Nikajiona nina shughuli. Mwanaesha alipofika akaivua kofia ya Taib ingali majimaji, akakirudisha kiegemeo garini, akakisukuma mpaka kikalia tik. Halafu akakivuta. Kumbe ulimfundisha asitosheke na tik, avute aone kama kimeshika kweli. Taib sasa anavaa kofia iliyokaa upande kama mtumbwi, na lawama ni zangu.

4. Kuketi kwenyewe. Nasikia mgongo uwe wima, makalio yaingie mpaka mwisho wa kiti, magoti yakunjike kidogo, mkanda upite kifuani na chini ya kitambi, si shingoni. Mimi desturi yangu ni kukilaza kiti nyuma, niwe kama mtu aliyemaliza biriani ya watu. Mwanaesha asema nikilala hivyo, siku tukigongwa nitateleza chini ya mkanda kama mkunga wa baharini. Nikamwambia basi tusigongwe. Akatazama kioo tu. Hiyo ya kutazama kioo badala ya kumjibu babake, pia umemfundisha wewe?

5. Hata kujirekebisha mwenyewe sina ruhusa gari likienda. Juzi tulipita Shimanzi, malori mbele, malori nyuma, nikakivuta kidogo tu kile kishikio cha ubavuni mwa kiti. Kiti kikarudi kwa kishindo, nami nacho. Mwanaesha akaingia kando ya godauni moja, akasimama, akazima gari, akasema, "Sasa rekebisha, Baba. Ukimaliza kitikise uone kimeshika." Nyuma yetu lori halina pa kupita. Dereva akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Dada, huyo mzee muuze tupite." Binti yangu, damu yangu, akamjibu, "Nimemtangaza, hana mnunuzi." Wakacheka wote wawili mbele yangu. Mwalimu, hilo silo somo la barabarani.

6. Nimefikiri sana, nikaona kosa si lako peke yako. Waliotengeneza gari hili walipima vichwa vya nani? Hapa kwetu Mji wa Kale huwezi kugeuza hata roshani ya nyumba yako mwenyewe mpaka uruhusiwe, kwa sababu ni ya kale na ni turathi. Mimi ni wa kale kuliko roshani nyingi. Ikiwa ubao hauguswi, vipi niguswe mimi? Vipi msichana wa juzi auinue mgongo wangu bila kibali?

Kwa hayo naomba, kwa unyenyekevu, umwite Mwanaesha skulini umfundishe upya, safari hii kinyumenyume, mpaka asahau. Kisha unipe cheti chenye mhuri kisemacho kwamba kichwa cha Shee Mbwana Kombo kimesamehewa viegemeo vyote, vya gari hili na vya magari yatakayokuja, na kwamba namna yake ya kuketi imehifadhiwa kwa faida ya vizazi. Nakihitaji kabla ya Ijumaa.

Nisalimie walimu wenzako, na wanafunzi wanaongoja zamu, na lile gari lenu la kufundishia, ambalo limevumilia mengi. Mejumaa akusalimu sana. Yeye hana lalamiko lolote, na hilo pia lanisikitisha.

Ni mimi, mwenye kichwa chake,
Shee Mbwana Kombo

Tanbihi: Bahasha nilikuwa sijaifunga. Jana asubuhi Mwanaesha yuko kazini, Taib akanipeleka sokoni kwa gari lake mwenyewe. Taib hakusoma kwako. Kiegemeo tulikitupa kiti cha nyuma, kiti nikakilaza mpaka mwisho, kofia imesimama haijaguswa na kitu. Tukapita Ndia Kuu polepole, na hakuna aliyenisalimu. Kumbe kwa nje nilikuwa sionekani ila pua. Watu walimwona Taib amekunja uso, ndivyo ulivyo uso wake, na kaka yake amelazwa kando. Kufika alasiri nyumba imejaa. Wameleta uji, wameleta machungwa, mmoja ananipapasa miguu aone kama ina baridi, mwengine anamuuliza Mejumaa kama Yasini isomwe sasa au baada ya magharibi. Niliposema mimi mzima, wakatazamana, wakasema ndivyo wasemavyo wagonjwa wote.

Hayo ningeyastahamili. Lakini Taib amesema mbele ya wazee kwamba kwa hali yangu hii, Ijumaa yeye atakuwa walii kwa niaba yangu. Joho langu ameshalijaribu. Lamkaa.

Basi njoo, Mwalimu. Njoo kesho, uniketishe wima kabisa kama ilivyoandikwa katika kitabu chako, kiegemeo mpaka utosini, mkanda, magoti, kila kitu, tena uvute uone nimeshika, kisha Mwanaesha anizungushe mji mzima mchana kweupe. Kofia itajijua. Mwanaesha mwenyewe siwezi kumwomba, atatazama kioo. Mwambie ni shauri lako. Malalamiko yangu yako pale pale, sikufuta hata moja.

Ila ukija usivae lile shati lako jeupe wala usibebe mkoba. Watasema daktari ameitwa nyumbani.