Waraka wa Tundu Moja

Umma wote unatangaziwa, kuanzia Ndungu kwenye mpunga hadi Shighatini kwenye baridi, kwamba nchi imeponea chupuchupu. Kwa miaka mingi wasafiri wasio na nidhamu walikuwa wakiingia gesti, wanatoa mkobani kidude chao cha kuchezea video, wanachomeka waya kwenye tivii ya chumbani, wanaangalia wanachotaka, wanalala. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo wakubwa walipoona jinsi hali ilivyokuwa mbaya: jambo linafanyika nchi nzima na halina ofisi!

Ikaundwa Tume ya Uunganishaji wa Vifaa vya Kubebeka kwenye Runinga za Nyumba za Wageni, kwa kifupi TUVIKURUNYUWA. Kifupi chenyewe kinataka mtu apumue katikati, kwa hiyo watu wa Same, ambao hawana heshima na vifupisho, wakawaita Watu wa Waya.

Melkizedeki alikuwa Afisa Mwandamizi wa Uchomekaji katika Tume hiyo. Alizaliwa Shighatini, akateremka mlimani na viatu vya kuazima, na tangu apate vyake hajapanda tena kusalimia mtu. Cheo chake kilikuwa kizuri, lakini juu yake kulikuwa na kingine, Mkurugenzi wa Kanda, na kiti hicho kilikuwa wazi. Mkuu wa Tume, Mama Fortunata, alikuwa ameahidi kulitaja jina la mkurugenzi mpya siku ya uzinduzi wa kampeni mjini Same. Melkizedeki alikitaka kile kiti mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Kina gari. Kina kibendera cha mezani. Kina mtu wa kukubebea mkoba ambao hauna kitu ndani.

Na alistahili, maana Waraka wa Tundu Moja ulitoka kichwani mwake mwenyewe, akiwa anaoga. Waraka uliagiza kila tivii ya gesti ifungiwe ndani ya kizimba cha wavu wa chuma, na kizimba kipigwe kufuli. Picha zifike vyumbani na baa kwa waya kutoka kwenye kisanduku kimoja tu, kilichopo mapokezi. Mgeni mwenye kidude chake atakichomeka hapo, kwenye tundu hilo moja, mbele ya macho ya mwenye nyumba. Waraka uliita huo uwazi na uwajibikaji.

Saada, mwenye Gesti ya Tangawizi hapo Same, alinunua vizimba vya vyumba vyote kwa fedha aliyokuwa ameitenga anunue simtanki. Wageni wake wakawa wanaoga kwa ndoo, na tivii zinakaa salama kizimbani. Angekataa, gesti ingepigwa kufuli la Tume, na ana wajukuu wanaokula kwa gesti hiyo hiyo. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuita basi likiwa limeshaondoka, na rimoti zote za gesti alizivalisha mfuko wa nailoni na kuzifunga kwa raba bendi.

Siku moja kabla ya uzinduzi gesti ilijaa. Mama Fortunata alikuwa chumba namba moja, amepumzika. Wenye gesti wenzake Saada, walioitwa kwa barua kutoka Hedaru na Ndungu waje kuzinduliwa, walikuwa baa ya mbele wanaangalia mpira. Saa kumi jioni Melkizedeki, aliyefikia hapo tangu jana yake, akatokea mapokezi na kidude chake mkononi.

Shikamoo hakutoa. Waraka haukusema lolote kuhusu shikamoo.

"Mama, toa huo mpira. Nina kazi ya kuangalia chumbani."

"Baba, ndiyo kwanza kipindi cha pili. Huko baa watu hawana hata pa kukaa."

"Una kibali cha kuonyesha mpira?"

"Kibali gani tena?"

"Hicho hicho ninachokuuliza."

Saada akamtazama kuanzia viatu hadi tai. Akatazama na lile kufuli la Tume lililokuwa linaning'inia kwenye mkoba wake, limekaa tayari. Akaguna, akavuta kisanduku.

"Bukta yako nimeshafua, iko kwenye kamba," alisema. "Lakini nikuambie kitu. Ukichomeka hapa, tunaona wote."

Melkizedeki akacheka kidogo kwa huruma. Alizikumbuka tabia za nyumbani: mtu akichinja kuku, mtaa mzima unapitia kusalimia. Sasa hata video za watu wanataka kukaribishwa!

"Mama, mimi siangalii na mtu. Hizi ni nyaraka za ofisi."

"Nakwambia tunaona wote, baba."

"Nimeshukuru kwa ukarimu wako. Chomeka."

"Haya. Mimi nimesema, usije ukaniambia sikusema."

Mnaweza kujiuliza ilikuwaje mtu aliyeandika waraka asijue waraka wake unafanya nini. Jamani, kuandika ni kazi moja na kuelewa ni kazi nyingine, na Tume ilikuwa imeajiri watu wa kuandika tu.

Chumbani Melkizedeki alivuta pazia, akavua suruali ili isikunjike, akasimama mbele ya kizimba. Ndani ya wavu ikatokea sura yake mwenyewe. Mkewe, Priska, alikuwa amemrekodi nyumbani akifanya mazoezi ya hotuba ya shukrani, na kwenye kioo kidogo cha kidude uso ulikuwa hauonekani vizuri. Alitaka kujiona akiwa mkubwa. Na kweli alikuwa mkubwa: koti jeusi, tai nyekundu, na chini bukta ya njano yenye picha za mananasi.

"Ndugu wananchi wa Same," alisema Melkizedeki wa kizimbani, "nimeupokea uteuzi huu kwa mshtuko."

"Kwa mshtuko," alirudia Melkizedeki wa chumbani, akiweka mkono kifuani.

Huko baa kelele zikalipuka. Akajua wamefunga bao.

Kwenye video, sauti ya Priska ikauliza, "Baba Elinaza, hivi hivyo vizimba vinazuia nini hasa?"

"Vinazuia nini? Havizuii kitu. Shemeji yake bosi ana karakana Hedaru, anatengeneza mabanda ya kuku. Biashara ya kuku ikalala, tukamtafutia runinga."

"Na nyie kule ofisini mnafanya kazi gani?"

"Kazi? Tunaandika barua, tunajijibu. Tulikagua gesti mwaka mzima hatukuona kosa hata moja, ikabidi tulitunge. Wewe rekodi, acha maswali. Ngoja nikuonyeshe bosi anavyoingia ofisini." Hapo akabana midomo, akatoa makalio nje, akaenda huku na huko na bukta yake ya mananasi. "Akistaafu huyu, na asipostaafu tutamsaidia, kile kiti kikubwa nacho nitakikalia."

Kelele za baa zilikuwa hazijawahi kusikika Same. Mtu alikuwa anapiga meza. Mwingine alikuwa analia, "Rudisha! Rudisha hapo!" Melkizedeki akastaajabu: mpira gani huo, bao juu ya bao? Akasogeza pazia achungulie.

Kutoka dirishani aliiona tivii ya baa. Hakukuwa na mpira. Alikuwepo yeye, amerudishwa nyuma, mpana, wa njano chini, anabana midomo. Mbele ya tivii dereva mmoja wa lori alikuwa amesimama juu ya kiti, anatoa makalio nje. Wenye gesti wa Hedaru hawakuwa wanacheka tena. Walikuwa wanatazamana.

Alivaa suruali mguu mmoja, akaparamia mlango, akatoka koridoni, na kila chumba alichopita alisikia sauti yake inasema akistaafu huyu. Mlango wa chumba namba moja ulikuwa wazi. Mama Fortunata alikuwa amesimama kizingitini, na nyuma yake, kizimbani, Melkizedeki alikuwa anamsaidia kustaafu.

"Mheshimiwa," alisema Melkizedeki, "nilikuwa nahakiki mfumo."

"Umefanya kazi," alijibu Mama Fortunata, akafunga mlango taratibu.

Kesho yake uzinduzi haukuahirishwa. Tume haiahirishi, ina kanuni. Turubai lilifungwa kwenye kiwanja karibu na stendi, meza kuu ikavikwa kitambaa cha buluu, na Kassimu, mwenye spika za kukodi, akasema "moja mbili, moja mbili" mpaka watu wakamwambia inatosha. Melkizedeki alikalishwa kiti cha mwisho kabisa cha meza, karibu na jenereta. Alikuwa bado ana tumaini, maskini wa Mungu. Ndani ya koti alikuwa na hotuba ya shukrani.

Mama Fortunata akasimama.

"Ndugu wananchi, jana kumeonekana picha zinazochafua Tume. Wataalamu wetu wamezichunguza usiku kucha na wamebaini zimetengenezwa kwa akili mnemba. Mtu yule si afisa wetu. Sauti ile si yake. Karakana ile haipo."

"Karakana ipo!" alipaza mtu wa Hedaru. "Imetazamana na duka langu!"

"Haipo kiutaratibu," alisema Mama Fortunata.

Hapo Saada akainuka. Hakupewa nafasi, ila sauti ile haikuhitaji kupewa. Mkononi alikuwa na kitu cha njano, akakitandaza juu ya kichwa chake watu wote wakione.

"Samahani, mheshimiwa. Na hii bukta nayo ni akili mnemba? Maana nimeifua kwa mikono yangu jana asubuhi, ilikuwa imeanikwa kwenye kamba yangu. Mwenyewe aje achukue."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Melkizedeki akainama kutafuta kitu chini ya meza, asikipate, akaendelea kutafuta.

"Kuhusu nafasi ya Mkurugenzi wa Kanda," alisema Mama Fortunata kwa haraka, "imefutwa kwa maslahi ya umma. Bwana Melkizedeki anahamishiwa Kitengo cha Rimoti, ambacho kitaanzishwa."

Kwa hiyo kiti kikaenda hivyo hivyo, na gari lake, na kibendera chake. Lakini watu walikuwa hawamtazami tena Melkizedeki. Walikuwa wanatazama stendi, ambako wenye gesti walikuwa wanateremsha mizigo kutoka kwenye guta. Usiku walikuwa wamerudi kwao, wakakesha wanafungua kufuli. Wakaja na vizimba vyao, mmoja kichwani, mwingine begani, wakavipanga mbele ya meza kuu, kimoja juu ya kingine, wakazungusha ubavuni, wakamalizia nyuma kwenye turubai. Walinzi wa Tume walitazama waraka, wakakuta hauwaelezi wafanye nini vizimba vikirudishwa. Basi wakasaidia kupanga.

Ilipokwisha, uongozi mzima wa TUVIKURUNYUWA ulikuwa nyuma ya wavu, na maua yao ya plastiki, na maji yao ya chupa.

"Toeni hivi vitu!" alifoka Mama Fortunata kwenye spika. "Mnajua mnaongea na nani? Mnajua mimi ni nani?"

"Tunakuona, mheshimiwa," alisema Saada. "Umekaa vizuri. Tunaona wote."

Akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa rimoti, ile ile yenye nailoni na raba. Akaielekeza meza kuu, akamkonyeza Kassimu, akabonyeza. Kassimu akachomoa waya wa spika.

Nyuma ya wavu mdomo wa Mama Fortunata uliendelea kufunguka na kufungika, mkono unapiga meza, na sauti hakuna. Watu wakatulia wanaangalia. Kwenye utulivu huo, kutoka pembeni karibu na jenereta, ikasikika sauti ndogo ya mtu aliyeshika wavu kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Saada. "Kumbe ulikuwa unaijua."