Mratibu Mkuu wa Tamasha la Munisagara

Jumatatu, 8 Juni

Leo nimeteuliwa. Bado si rasmi, lakini mtu hujijua akiteuliwa.

Dada Yusrah, meneja wa hoteli kule Mikumi, kaniita ofisini kwake. Anasema wageni wakishaona tembo na twiga asubuhi, mchana wanabaki kutazama dari. Wanauliza sanaa iko wapi, utamaduni uko wapi. Anataka mratibu wa matukio ya sanaa na utamaduni kwa Mikumi na Kilosa yote. Mtu wa kudumu, mwenye meza yake pale mapokezi, pembeni ya yule twiga wa mbao. Jumamosi inakuja Kosta, basi dogo, ya wastaafu kutoka Dar. Wakifurahi, meza ni yangu. Nimemwambia matukio yapo tele, kazi ni kuchagua tu.

Kabla ya kuondoka nimeikalia ile meza kidogo, kujaribu. Inanitosha.

Jioni nyumbani Kilosa, mke wangu Gaudiosa kauliza ni matukio gani hayo. Nimemjibu yako kwenye maandalizi. Akauliza tena, kwani Jumamosi si ndiyo siku ya kumaliza matanga ya Bibi Teresia kule Munisagara? Akanikumbusha kwamba ukoo wetu na ukoo ule ni watani tangu enzi za mababu. Wao wakifiwa, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaoteka maji na kuwachekesha wafiwa. Na mimi siku ya mazishi sikuonekana.

Gaudiosa hupenda kuchanganya mambo. Siku ya mazishi nilikuwa kwenye semina ya ujasiriamali. Kulikuwa na vyeti na soda.

Jumanne, 9 Juni

Nimezunguka kuchagua matukio. Sanaa ya wilaya hii iko katika hali ya mapumziko.

Mashindano ya kwaya yamesogezwa mpaka Agosti. Mchonga vinyago wa Mikumi yuko Dodoma ukweni, na fundi viatu wa jirani yake kanong'oneza kwamba vinyago vyenyewe huletwa na lori. Vijana wanaoruka ruka na shuka nyekundu wameshachukuliwa na hoteli nyingine. Kuna muziki wa kasi wa singeli kwenye baa moja, lakini mstaafu akiruka singeli anaweza kutustaafia pale pale.

Nikabaki na Bibiana. Huyu mama ana kikundi cha ngoma, ndicho pekee kinachoeleweka. Tatizo ni tabia. Ukitaka ngoma yake lazima uombe wiki nzima kabla, ueleze ni shughuli gani, na wageni ni akina nani. Kana kwamba anaposwa! Kaniambia Jumamosi kikundi kina kazi, hakuna mjadala. Nimegundua pia kwamba naye amekwenda kwa Yusrah kuulizia ile meza.

Wivu mtupu. Namwonea huruma.

Jumatano, 10 Juni

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nikajikata kidogo kwa furaha.

Kikundi cha Bibiana Jumamosi kinakwenda kupiga ngoma Munisagara, kwa Mzee Lazaro, kumaliza matanga ya mama yake, huyo huyo Bibi Teresia. Kwa maneno mengine: ngoma ipo, nyimbo zipo, chakula cha asili kipo, watu watakuwa wamejaa uani. Tamasha limeshaandaliwa. Limekosa mratibu tu.

Nimemtumia Yusrah ratiba kwa WhatsApp: Tamasha la Urithi wa Munisagara, Mratibu Mkuu, Evance. Kajibu kwa dole gumba. Nimelitazama lile dole mara nyingi.

Alhamisi, 11 Juni

Nimepanda bodaboda mpaka Munisagara kumwarifu Mzee Lazaro kwa heshima zote. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia marahaba kawaita watu waje waone mwizi wa kuku karudi mwenyewe. Ndiyo salamu yetu, sikujali.

Nikamweleza kwamba Jumamosi nitaleta Kosta ya wageni, hivyo anitengee viti vya mbele. Kacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikasema sifanyi utani. Wakacheka zaidi, maana hivyo ndivyo mtani husema. Nikatoa beji yangu mpya yenye picha. Bibi mmoja ilibidi ashikiliwe. Mzee Lazaro akasema walete, walete na tembo wa Mikumi, tutawapikia wote ugali.

Hiyo ni ruhusa, tena mbele ya mashahidi.

Nilipokuwa napanda bodaboda kaniuliza, kwa sauti ndogo, mbona siku ya kumzika mama hakuniona. Kaburi lilichimbwa na watu wengine. Nikamwambia habari ya semina. Hapo hakucheka. Ajabu ya mzee huyu: siku nzima nimesema mambo mazito akayafanya mzaha, na hilo dogo ndilo alilolichukulia kwa uzito.

Ijumaa, 12 Juni

Maandalizi ya mwisho. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kabati. Mkono mmoja mfukoni, mwingine unaelekeza upeo wa macho. Safi kabisa.

Bibiana amenipigia. Anauliza hao wastaafu wanajua kwamba wanakwenda kwenye msiba? Nikamwambia asiingilie masuala ya uratibu. Hata hivyo, ili isisemwe sikusema, nimemwarifu Yusrah kwamba ni tukio la kifamilia lenye kugusa moyo.

Gaudiosa kaninyooshea suti huku anatikisa kichwa. Anasema mtani aliyekimbia mazishi, halafu akaja kwenye matanga na suti, anatafuta mambo. Nimemwambia dunia imebadilika. Kaniwekea suruali kuukuu kwenye mfuko, nikaitoa. Mratibu hatembei na suruali ya shamba.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika kwa shida. Mikono ina malengelenge.

Tumefika Munisagara, Kosta imejaa, Yusrah mbele na miwani yake ya jua. Njia ya kuingilia uani imezibwa kwa kamba, na wanawake wamesimama na nyungo na miiko kama askari wa zamu. Nikashuka na kipaza sauti. Nikasema mabibi na mabwana, karibuni katika. Sikufika mbali zaidi ya katika.

Kipaza sauti kikachukuliwa. Koti likachukuliwa. Kesi ikasomwa hapo hapo, Mzee Lazaro akiwa hakimu: mtani kamtoroka marehemu, kaja kumaliza msiba asiouanza, tena kavaa kama bwana harusi. Nikajitetea kwamba niko kazini. Ua mzima ukapiga vigelegele. Nikaonyesha beji, wakamvalisha mbuzi.

Hukumu: nivae khanga na kilemba cha Bibi Teresia, nishike fimbo yake, niteke maji kisimani, kisha nisonge ugali wa watu wote. Mtani hakasiriki, na faini haikatiwi rufaa. Suti ya watu ikaingia chini ya khanga. Sufuria lile unaweza kumwogeshea ndama. Wastaafu walipiga makofi muda wote. Mmoja wao, mama mwenye kofia pana, alikuja kunikagulia mwiko na kusema unga haujaiva.

Bibiana hakupiga kelele hata kidogo. Nilimwona anapita kwa wageni akiwaeleza nini kinaendelea, akampeleka Yusrah kwa Mzee Lazaro wakampa pole, akawaonyesha pa kukaa, akawaambia simu ziwekwe mfukoni mpaka wafiwa waruhusu. Kujipendekeza.

Halafu wakataka nimwigize marehemu. Hilo nalo ni la mtani, hakuna wa kunisaidia. Nikasimama katikati na fimbo. Sikujua nianzie wapi. Mwisho nikainama vile alivyokuwa anainama, nikakohoa kile kikohozi chake kifupi, nikasema: “Evance, mume wangu, umeniletea nini leo? Mikono mitupu tena? Basi nioe hivyo hivyo.”

Alikuwa akiniambia hivyo tangu nikiwa darasa la kwanza. Kila nilipopita njiani kwenda shule aliniita mume wake, wenzangu wakanicheka, kisha akanipa muhogo wa kuchoma kwa siri. Nikayafanya yote, jinsi alivyokuwa anawagombeza kuku, jinsi alivyofunga khanga upya akitaka kusema la maana. Ua ulicheka. Mzee Lazaro alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Na mimi pia. Nilikuwa sijamlilia yule bibi. Nilimkumbuka mno, na niliona aibu kwamba sikumchimbia kaburi.

Mzee Lazaro akaja kunishika mkono. Akasema, “Sasa mama amezikwa.” Kisha akaniambia nirudi jikoni, ugali unaungua.

Jumapili, 14 Juni

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Mgongo hauinuki, lakini akili inafanya kazi.

Yusrah amepiga simu asubuhi. Wastaafu wanasema hawajawahi kuona kitu cha namna ile, hata Dar. Njia nzima kurudi Mikumi walikuwa wanazungumzia yule bibi mwenye suti chini ya khanga. Wamesema watarudi, na watawaambia wenzao. Nikamuuliza nianze lini kukaa mezani.

Meza kampa Bibiana. Sababu zake zimenishangaza: eti Bibiana ndiye aliyewaeleza wageni, ndiye aliyeongea na wafiwa, ndiye aliyejua nani akae wapi. Mambo madogo madogo. Lakini akaniuliza, je, naweza kumfanya yule bibi kila Jumamosi pale hotelini?

Nimetafakari. Waratibu wapo wengi. Msanii ni mmoja. Huku si kushushwa, ni kupandishwa kwa mlango wa nyuma. Nikakubali papo hapo.

Bibiana, tayari ana sauti ya mapokezi, akanipigia kusema haiwezekani. Matanga yamekwisha, Bibi Teresia kapumzishwa, na mtani haigizi marehemu wa watu hotelini kwa wala chipsi. Mtani huigiza panapokuwa na msiba. Nimempigia Mzee Lazaro kumwomba ruhusa, naye kanijibu hivyo hivyo, isipokuwa kwamba aliongeza neno moja kuhusu akili zangu.

Basi nimekaa nikaliangalia suala hili kitaalamu. Kipaji kipo. Wageni wapo. Kinachokosekana ni msiba.

Mchana nimekwenda kumsalimu Mzee Samson, baba mdogo wa Lazaro, anayeishi hapa Kilosa karibu na stesheni. Mtani wangu naye, ana umri mkubwa sana, na nilisikia anakohoa. Nimemuuliza hali yake kwa kina. Usingizi, hamu ya kula, magoti. Nimetazama anavyoishika fimbo, nikajifunza na kicheko chake, kinaanzia puani. Akauliza mbona ninamtazama vile. Nikamwambia ni mapenzi tu.

Anasema kikohozi kilikuwa cha vumbi, kimeisha. Msimu ujao anaongeza shamba la mahindi. Kisha kanituma nimpasulie kuni, na nimempasulia.

Nimerudi nyumbani jioni. Gaudiosa kauliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba ni mzima kabisa.

Ratiba nimeiandaa hata hivyo. Tamasha la Pili la Urithi, Kilosa Mjini, karibu na stesheni. Msanii Mkuu, Evance. Tarehe itatangazwa.