Chumba cha Mtu Mmoja na Wenzake Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Nimeitwa ofisi ya wahamiaji. Ombi la kumleta mke wangu limefika mezani. Miaka miwili na miezi minne namwona kwenye simu tu, tena nusu kichwa, maana hajui kuishika simu sawasawa. Limebaki jambo moja. Alhamisi saa nne asubuhi mkaguzi anakuja kuhakikisha kwamba nakaa peke yangu, kwenye chumba kinachowatosha mke na mume. Nikajibu nakaa peke yangu, bila kupepesa macho. Tunakaa watatu.

Mkaguzi mwenyewe nimemkuta pale ofisini, ni mama mpole, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Nikaona nimlainishe. Nikamfundisha kwamba kwetu mgeni husema hodi, na mwenyeji lazima aitikie karibu, hata kama anaumwa. Kafurahi, kaandika kwenye daftari lake. Ujanja ninao!

Jumanne, 4 Machi
Kikao cha chumba. Mpishi wa hospitali, anayekoroma upande wa dirisha, kakubali kwenda kushinda kwa rafiki yake. Binamu yangu, ndiye wa tatu wetu, kagoma. Yeye ni mlinzi wa usiku, mchana ndio usiku wake. Kasema hata aje rais, saa nne asubuhi atamkuta amelala. Nikamkumbusha kwamba tunamhangaikia shemeji yake. Kasema shemeji anampenda, ila usingizi anaupenda zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Na mimi ni mkuu wake, namzidi wiki tatu.

Jumatano, 5 Machi
Nimefuta ushahidi. Magodoro mawili yako kwa jirani. Miswaki mitatu imebaki mmoja. Shuka nyeupe nimeziazima hotelini ninakofua, bila kumsumbua msimamizi kwa kumwomba. Binamu kalegea baada ya kumwahidi kumfulia sare mwezi mzima. Atalala ndani ya kabati, na mto wake. Nguo zangu chini ya kitanda.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Aibu!

Mambo yalianza vizuri. Mkaguzi kafika saa nne kamili, kasema hodi mlangoni, nikamkaribisha, kacheka kwa furaha. Kapima dirisha. Kasifu shuka. Kalamu imeshagusa karatasi! Ndipo akataka kuona mke atatundika wapi nguo. Nikasema mlango wa kabati umekwama. Akaligonga kwa kidole, mzaha tu, akasema, "Hodi!"

Kabati likaitika, "Karibu, karibu ndani!"

Shangazi alimlea vizuri mno. Binamu hata usingizini haachi hodi ipite. Akatoka na fulana, macho yamefumba, akaanza kumtafutia mgeni kiti. Mkaguzi kavaa miwani. Kaandika muda mrefu sana.

Jumatatu, 10 Machi
Barua imekuja. Chumba kimekataliwa. Nina siku ishirini na moja kutafuta kingine, na chini mkaguzi kaongeza kwa mkono wake kwamba nisimdanganye tena. Mpishi kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia yangu ilikuwa na urefu wa kutosha, imeishia kabatini tu.

Kisha nikampigia mke wangu, nikamweleza yote. Akauliza miaka yote hii nilikuwa nalala wapi. Nikasema sakafuni, ila kwa zamu. Akalia. Akasema mimi mjinga, kwani yeye kaolewa na chumba? Nikalia na mimi, pale pale ngazini, majirani wakinipita. Nina hamu sana na mwanamke huyu.

Jumamosi, 22 Machi
Nimehama! Mpishi kanitafutia chumba nyuma ya kiwanda cha mikate na kunidhamini kwa mwenye nyumba. Kidogo, ila dirisha lipo, na joto la tanuri ni la bure. Binamu kabeba godoro langu kichwani barabara nzima, akinitukana kila kona. Ndugu ni ndugu.

Jumanne, 25 Machi
Mkaguzi kaja. Nilikuwa peke yangu kweli, na niliogopa kuliko siku ile. Nikamfungulia kila kitu, mpaka droo ya vijiko. Kapitisha! Imebaki hatua moja, mahojiano. Mke wangu huko, mimi huku, kila mmoja ataulizwa peke yake kuhusu ndoa yetu. Majibu yakipishana, ombi limekufa. Mkaguzi kasema tusiwe na wasiwasi, tuseme kweli tu.

Ijumaa, 28 Machi
Nimewaza kwa makini. Tatizo ni kwamba kweli yetu haina mvuto. Tulikutana kwenye foleni ya bomba, tukagombania nafasi, akanimwagia ndoo nzima. Nani ataamini kwamba hapo ilitoka ndoa? Nimemtumia mke wangu kurasa nne za majibu bora, akariri. Tulikutana maktaba. Hatujawahi kugombana. Jumapili napika mimi.

Kapiga simu papo hapo, anafoka, kauliza kwani sisi hatujaoana kweli? Nikamtuliza. Nikamwambia tumeoana, mke wangu, na ndiyo maana lazima tujipange. Sasa natafuta jina la kitabu tulichokuwa tunasoma pale maktaba.