Uzinduzi wa Sanduku la Michezo ya Chakula

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe, Naibu wangu, Msaidizi wa Naibu wangu, mpiga picha wa ofisi, baki hapo hapo, mwanga ni mzuri, Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa darasa hili la awali, wazazi mliotuachia viti mkakaa kwenye mikeka, na nyinyi watoto wazuri, mlioombwa msiguse kitu: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya Naibu.)

Nimesimama hapa kuzindua Mpango Jumuishi wa Michezo ya Mikono kwa Uelewa wa Chakula kwa Mtoto Mdogo, mpango niliouwaza mimi binafsi nikiwa mezani, katikati ya tonge, nikajiuliza, hivi mtoto wa miaka mitano anajua maharage yanatoka wapi, ndipo tukafanya semina elekezi, warsha ya kutathmini semina, na ziara ya mafunzo ng'ambo, ambako nilijifunza hadi mkanda wa suruali ukanibana. (Kicheko cha kuzuiliwa.) Takwimu hazidanganyi: asilimia tisini na sita ya watoto sasa wanatambua mboga, na asilimia kumi na nane waliobaki wanafuatiliwa kwa karibu. (Mwalimu wa hesabu anakohoa.)

Tazameni meza hii. Samaki wa kitambaa mwenye magamba ya vifuniko vya soda, mayai ya udongo, kadi za maboksi ya sabuni zilizochorwa mbegu, mche, ua na tunda ili mtoto azipange kwa mfuatano. Vyote vimesanifiwa na wataalamu wangu kwa viwango vya kimataifa. (Mwalimu wa darasa anatazama vidole vyake, vyenye alama za sindano.) Hii, kwa mfano, ni nyanya.

(Mtoto wa mbele: "Hicho kitunguu. Ukivuta, maganda yanatoka.")

Mmesikia? Mradi una robo saa tu na mtoto ameshaelimika. Andika hilo, Naibu. Hata mama muuza mboga amesema pale mlangoni kwamba mwanawe, aliyekuwa akitema kila jani, siku hizi anapanga mchicha kwenye sahani kama kadi, halafu anaula wote, na shukrani hizo nimezipokea kwa niaba yangu.

(Mama muuza mboga: "Nilikuwa namwambia mwalimu.")

Wapo wanaonong'ona mbona sanduku la mradi halifunguliwi. Limefungwa utepe, ndugu zangu, na haraka haraka haina baraka. Wivu huo nimeuzoea. Chanda chema huvikwa pete. Sasa wote kwa kaulimbiu: Mikono!

(Watoto: "Tumenawa!")

Jibu ni "Mbele", lakini si neno, kapasiti, yaani uwezo, itajengwa.

Mwisho, namshukuru kwa dhati mwalimu wa darasa hili kwa kutuazima vitu vyake vya kupamba meza, maana vya kwetu, pamoja na mpango wenyewe, bado viko kwenye mchakato wa kufikiriwa. Usiwe na wasiwasi, mwalimu: tunaondoka navyo leo, kwa kuwa zimebaki shule kumi na nne za kuzindua, na sanduku likienda huko tupu kama lilivyokuja hapa, tutaaibika. Dereva, pakia. (Mwalimu anainamisha kichwa. Mtoto wa mbele ameficha mikono mgongoni.)

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Naibu, hesabu vizuri kabla hatujaondoka. Kuna nyanya moja siioni.