Kabamba Aliyetangazwa Kufa

Leo nimejiaibisha mbele ya kambi nzima. Nimemtangaza mtu kuwa amekufa, naye alikuwa kazini, nyundo mkononi.

Mimi ni katibu katika kiwanda cha shaba, ofisi ya juu. Zamani mfanyakazi akifa, kapita, msimamizi wake, alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akaketi na mjane kwanza. Tangu vipaza sauti viwekwe mpaka kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, directeur, mkuu wa kiwanda, amekataa: kapita akitembea, kazi inasimama. Siku hizi misiba naitangaza mimi (eti nina sauti tamu).

Asubuhi hospitali walipiga simu. Laini ilikwaruza. Nikasikia: citoyen Ilunga Kab... Tuna akina Ilunga wawili. Zamani tuliwatenganisha kwa majina ya ubatizo, Joseph na Albert. Majina hayo yalipokatazwa na serikali, nasi sote tukaitwa citoyen, yaani raia, mmoja akawa Ilunga Kabwe, mwingine Ilunga Kabamba. Kapita angejua nani alikuwa amelazwa. Sikushuka kumuuliza (ngazi ni ndefu, viatu ni vipya). Nikabonyeza kitufe, nikasema Kabamba.

Punde mlango ukafunguka. Kabamba, na glavu zake.

"Citoyenne, nani alikuambia minakufa?"

Nikamwonyesha simu kwa kidole.

"Muke yangu iko chini mu lupango ya nyumba yetu, analia. Bantu banajaa kwetu. Sema tena mu mashini yako, bajue niko muzima."

Directeur naye akatokea. "Rectifiez, citoyenne. Sahihisha, mbio."

Nikashika kipaza sauti. "Citoyen Ilunga Kabamba hakufa. Aliyekufa ni citoyen Ilunga Kabwe."

Dirishani tukasikia vigelegele vya kambi. Kisha vikakatika.

Baadaye nimeambiwa kwamba mke wa Kabwe alikuwa pale pale kwa Kabamba, amemkumbatia mke wa Kabamba, anamfariji. Alikuwa ametoka hospitali kumpikia mumewe uji. Kifo cha mumewe amekisikia kwenye kipaza sauti cha juu ya nguzo, wenzake wakishangilia.

Kabamba akavua glavu, akakaa sakafuni. "Tuliingia kazi siku moya na Kabwe," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jioni nimekwenda kilioni. Kila nikifungua mdomo kutoa pole, wanawake wananyamaza, wanaitambua ile sauti. Basi nimeomba sahani nioshe. Anayetaka kucheka, ndugu zangu, acheke kesho. Leo sahani bado ni nyingi.